Kusoma Maisha ya Waliotutangulia Kupitia Mifupa Yao: Mwongozo Kamili

Mwaka 2017, ndani ya pango la Panga ya Saidi katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wachimbaji walifikia shimo dogo la mviringo lenye mifupa iliyochakaa kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Hawakujaribu kuitoa. Walikizungushia plasta kipande kizima cha udongo, wakakipeleka Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kisha kikasafirishwa hadi Burgos, Hispania, kikapigwa picha za eksirei na kufunguliwa polepole maabara. Ndani alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Watafiti wakamwita Mtoto, na habari zake zikachapishwa Mei 2021.

Umri wake ulijulikana kwa meno. Kwamba alizikwa, wala hakufunikwa tu na vumbi la pango, kulijulikana kwa sababu udongo uliojaza shimo ulikuwa tofauti na udongo wa kingo zake. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa. Jinsi kichwa na shingo vilivyoporomoka inaonyesha huenda kililazwa juu ya kitu mfano wa mto, kitu ambacho baadaye kilioza. Mifupa ya kifua ilibaki imebanana, dalili kwamba mwili ulikuwa umefungwa kitu mithili ya sanda. Hayo yote yalisomwa kwenye udongo na mifupa peke yake, bila mwandiko wowote wala simulizi.

Mwongozo huu unaeleza namna usomaji huo unavyofanyika, hatua moja baada ya nyingine. Nimewaandikia wanafunzi wa akiolojia, walimu wa historia, waongoza watalii wa magofu yetu ya pwani, na kila anayependa kujua kama habari za mifupa anazozisoma zina msingi. Kabla hujaanza, chukua daftari uchore mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto andika "Nimeona", upande wa kulia andika "Nadhani". Makosa mengi ya fani hii huzaliwa pale jambo la kulia linapohamia kushoto bila mtu kutambua.

Hatua ya kwanza: usiguse

Ukikuta mifupa shambani, kwenye msingi wa nyumba au ufukweni baada ya mawimbi kumomonyoa makaburi, acha kazi. Usiiokote, usiihamishe, usiioshe. Piga picha ukiwa umeweka rula au hata kalamu kando ili ukubwa ujulikane, andika mahali ulipo, kisha toa taarifa. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa na polisi ndio wa kwanza kuambiwa, maana huwezi kujua kwa macho kama mtu huyo alifariki miaka 600 iliyopita au mwaka juzi. Mifupa ikithibitika kuwa ya kale, nchini Kenya jambo hilo linaangukia chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na Tanzania Bara chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Hakuna anayeruhusiwa kuchimba kaburi la kale kwa sababu tu ana ari ya kujifunza. Utafiti unahitaji kibali: Tanzania utapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na Idara ya Mambo ya Kale, Kenya utapitia NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na Makumbusho ya Taifa.

Kibali cha serikali hakitoshi. Kaburi lina wenyewe, hata kama majina yamesahauliwa. Kaeni na wazee, na kama ni makaburi ya Waislamu, kaeni na imamu na watu wa msikiti. Waambieni wazi mtachukua nini, kitapelekwa wapi, kitarudi lini. Mwaka 1989 Mkutano wa Dunia wa Akiolojia ulipitisha Makubaliano ya Vermillion, yanayotaka heshima kwa maiti, kwa matakwa ya jamii yake na kwa thamani ya utafiti, na mazungumzo pale mambo hayo yanapogongana. Mtafiti asiyekuwa tayari kusikia jibu la "hapana" hajawa tayari kuchimba.

Mazoezi ya kwanza yafanye kwa vielelezo vya plastiki vya chuo, na kwa mifupa ya mbuzi kutoka buchani. Mguu wa mbuzi mchanga utakufundisha mengi: ncha za mfupa hujitenga kama vifuniko kwa kuwa hazijaungana bado na shina, na hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto wa binadamu.

Hatua ya pili: soma kaburi kabla ya mifupa

Mifupa ikishatolewa ardhini imepoteza nusu ya habari zake. Kwa hiyo kabla ya kuinua hata kidole, chora na piga picha kila kitu: kichwa kimeelekea wapi, mikono iko wapi, magoti yamekunjwa au yamenyooka, viungo bado vimeshikana au vimetawanyika. Mifupa midogo ya vidole na viganja huachana mapema mwili unapooza. Ukiikuta katika mpangilio wake, basi mtu huyo alizikwa mapema na kaburi halikufukuliwa tena. Mabega yaliyobanwa kuelekea juu na miguu iliyogusana vifundoni huashiria sanda iliyofungwa kwa nguvu. Mifupa iliyoanguka na kusambaa pembeni huashiria kulikuwa na nafasi tupu, kama ndani ya jeneza au mwanandani (tundu la maiti ndani ya kaburi) uliofunikwa vizuri.

Hapa pwani tuna faida. Ukiwa Lamu, Mombasa au Kilwa, Makka iko takriban upande wa kaskazini, hivyo maiti ya Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi, uso ukielekea kaskazini, bila vyombo wala shanga. Ukikuta kaburi la namna hiyo, andika kushoto mwelekeo wake kwa digrii za dira, na kulia andika kwamba huenda ni la Mwislamu. Usiruke. Mtoto wa Panga ya Saidi naye alilazwa ubavu wa kulia, makumi ya maelfu ya miaka kabla ya Uislamu. Mlalo mmoja haujengi dini. Mwelekeo, aina ya kaburi, tarehe na makaburi jirani ndivyo vinavyojenga hoja kwa pamoja.

Linganisha na Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa Turkana, ambako wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita walichimba uwanja mkubwa wa maziko, wakaufunika kwa mawe na kusimamisha nguzo. Humo walizikwa watu wasiopungua 580 kwa makadirio, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa watoto, wengi wakiwa na mapambo ya shanga. Hakuna aliyetengwa kwa fahari kubwa kuliko wenzake. Somo la Lothagam linatokana na makaburi yakitazamwa yote pamoja, jambo ambalo fupa moja haliwezi kukupa hata ulichunguze namna gani.

Hatua ya tatu: kutoa, kusafisha, kuhifadhi

Mwiko wa fundi hutumika kwa udongo wa juu tu. Ukikaribia mfupa, tumia vijiti vya mwanzi na brashi laini, maana chuma huacha mikwaruzo ambayo mwenzako baadaye ataidhania ni alama za kisu. Udongo wote wa kaburi upite kwenye chekeche lenye matundu ya milimita mbili au tatu, la sivyo utapoteza meno ya watoto na mifupa ya sikio. Chukua kando udongo uliokuwa eneo la tumbo, kwa kuwa mayai ya minyoo hudumu humo kwa karne nyingi.

Mfupa mbichi kutoka ardhini usianikwe juani: utapasuka. Uache kivulini ukauke taratibu. Mifupa imara inaweza kusafishwa kwa maji kidogo na mswaki laini. Ile inayomomonyoka isafishwe kikavu. Usipake vanishi wala gundi ya dukani, vitu hivyo huharibu vipimo vya tarehe na vinasaba. Mkono wa kulia uwe mfuko wake, wa kushoto mfuko wake, na kila mfuko uandikwe namba ya kaburi ndani na nje. Ukikusudia kupima vinasaba, vaa glovu na barakoa tangu mwanzo, na usioshe kabisa kipande kitakachopimwa.

Hatua ya nne: ni watu wangapi?

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana mingi zaidi, karibu 300, kwa kuwa mingi bado haijaungana. Panga kila kipande mezani mahali pake: fuvu, taya, mitulinga, pingili, mbavu, nyonga, mapaja, miundi, hadi vidole. Kwanza ondoa ya wanyama. Mbuzi na ng'ombe wana mfupa mmoja mnene pale ambapo sisi tuna mifupa mitano ya kiganja, hivyo hao hawasumbui. Wanaosumbua ni nyani, na vichanga vya binadamu, ambao mifupa yao myembamba hutupwa mara nyingi kwa kudhaniwa ni ya kuku au paka.

Kisha hesabu mfupa unaojirudia zaidi. Ukiwa na mapaja matatu ya kushoto, una watu wasiopungua watatu, hata kama fuvu ni moja. Andika "wasiopungua watatu", usiandike "watatu".

Hatua ya tano: alikufa akiwa na umri gani?

Kwa watoto, meno ni hazina. Gego la kwanza la kudumu huchomoza karibu na miaka 6, la pili karibu na 12, la tatu karibu na 18. Picha ya eksirei ikionyesha mizizi ilivyofikia ndani ya taya, makadirio yanaweza kukaribia ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo tazama ncha za mifupa mirefu, ambazo huungana na shina kwa zamu katika ujana. Ya mwisho ni ncha ya mtulinga upande wa kidari, ambayo huungana katika miaka ya ishirini, wengine ikikaribia thelathini.

Kwa mtu mzima kazi inakuwa ngumu, na wengi hudanganya bila kukusudia. Tunatazama pale mifupa miwili ya nyonga inapokutana mbele, na pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo nyuma. Nyuso hizo huwa na mawimbi ujanani, kisha hulainika na hatimaye huchimbika. Mishono ya fuvu hutajwa sana vitabuni, lakini mimi siipi uzito, maana inatofautiana mno kati ya mtu na mtu. Tumia makundi mapana: kijana, mtu wa makamo, mzee. Ukiona ripoti inayosema mifupa ni ya "mwanamke wa miaka 43", isome kwa tahadhari.

Meno na mifupa vinaweza hata kupingana. Kiunzi cha kijana wa Turkana, ambacho kipande chake cha kwanza kiliokotwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ni cha takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Ukuaji wa mifupa yake ukilinganishwa na wa watoto wa leo, ungesema alikuwa na miaka 11 hadi 13. Mistari ya ukuaji ndani ya meno yake inasema miaka 8 hivi. Tofauti hiyo iliwafunza watafiti kwamba viumbe wa spishi yake ya kale, Homo erectus, walikua haraka kuliko sisi. Basi vipimo vikipingana, viandike vyote viwili.

Hatua ya sita: mwanamume au mwanamke?

Anza na nyonga, kwa sababu uzazi umeiumba tofauti. Ya mwanamke kwa kawaida ni pana, pembe ya chini mbele imefunguka, na mkato mkubwa wa upande wa nyuma ni mpana. Ya mwanamume ni nyembamba na mikato yake imebana. Nyonga ikiwa kamili, mtaalamu mzoefu hukosea mara chache. Fuvu ni shahidi wa pili: kigongo cha juu ya macho, kinundu cha nyuma ya sikio, ukubwa wa taya. Lakini jamii hutofautiana. Mwanaume wa jamii moja anaweza kuwa na fuvu laini kuliko mwanamke wa jamii nyingine. Linganisha watu wa makaburi hayo hayo, usitumie kipimo kilichotoka bara jingine.

Mtoto ambaye hajabalehe usimpe jinsi kwa kutazama mifupa. Siku hizi kuna protini za enameli (tabaka gumu la nje) ya jino zinazotofautiana kati ya wa kike na wa kiume, na vinasaba vikipatikana hujibu swali hilo bila shida. Bila vipimo hivyo, andika "jinsi haijulikani" na uendelee.

Hatua ya saba: urefu

Pima mfupa wa paja kwa ubao wa kupimia, sentimita hadi desimali moja. Kanuni zinazotumika zaidi zilitolewa na Trotter na Gleser mwaka 1952. Kwa wanawake Wamarekani weusi, kwa mfano, walipata: urefu wa paja mara 2.28, jumlisha 59.76. Paja la sentimita 43 linatoa 98.04, na jumla yake ni karibu sentimita 157.8, ikipanda au kushuka kwa 3.4. Kanuni hiyo haikutengenezwa kwa Wamaasai wala kwa Wahadzabe, ambao maumbo yao ya miguu hayafanani. Nashauri uchapishe urefu wa paja lenyewe pamoja na makadirio, ili atakayekuja na kanuni bora arudie hesabu.

Hatua ya nane: maradhi, njaa na kazi

Hapa ndipo mifupa inapoanza kukueleza siku za mtu, na hapa ndipo ninapopenda kukaa kwa muda mrefu.

Anza na meno. Mistari ya mlalo kwenye enameli, hasa ya chonge, ni alama ya kipindi ambacho ukuaji ulisimama utotoni kwa sababu ya njaa, homa kali au kuachishwa ziwa kwa shida. Enameli haijirekebishi, kwa hiyo dhiki ya mtoto wa miaka mitatu husomeka kwa bibi wa miaka sitini. Rangi ya kahawia na vishimo vidogo vinaweza kuwa vya madini ya floridi kwenye maji. Wakazi wa Arusha na Meru wanaijua hali hiyo kwenye vinywa vyao wenyewe. Wekundu uliokolea unaweza kuwa wa tambuu. Meno yaliyochongwa ncha, au meno ya mbele ya chini yaliyong'olewa na kidonda kupona, ni desturi: Wajaluo walikuwa wakitoa meno sita ya chini, Wamaasai mawili. Mtu asiyelijua hilo ataandika "ugonjwa wa fizi" na kupoteza ushahidi mzuri wa utamaduni. Na ukoga uliokauka juu ya meno usiukwangue: ndani yake hunaswa chembe za wanga za vyakula, na hata vinasaba vya bakteria.

Kisha tazama paa la matundu ya macho. Vitundu vidogo kama sifongo hapo vinahusishwa na upungufu wa damu, ambao katika nchi zetu unaweza kutokana na malaria, minyoo, selimundu au lishe duni. Kifua kikuu kinapofika kwenye uti wa mgongo hula pingili mpaka mgongo unakunjika kwa kona kali. Ukoma humomonyoa mifupa ya pua na kuzifanya ncha za vidole kuwa nyembamba. Buba huvimbisha muundi na kuupinda kwa mbele. Kwenye viungo, pale gegedu ilipoisha na mfupa kusuguana na mfupa, uso wake hung'aa kama kioo. Huyo alikuwa akisikia maumivu kila alipotembea au kupokea mzigo.

Hata hivyo maradhi mengi yanayoua haraka, kama kipindupindu, ndui au malaria kali, hayaachi alama, kwa sababu mfupa unahitaji wiki au miezi ili ubadilike. Mwaka 1992 James Wood na wenzake walieleza tatizo hili kwa namna iliyobadilisha fani nzima: mtu mwenye alama nyingi za ugonjwa huenda alikuwa na mwili imara, aliyeumwa akavumilia, na mwenye mifupa safi huenda alikufa siku ya tatu ya homa. Kabla ya kusema makaburi fulani ni ya watu wenye afya, jiulize ni nani hakupata muda wa kuandikwa na ugonjwa wake.

Kuhusu kazi, tahadhari. Ripoti husema "alikuwa mpiga makasia" kwa sababu alama za misuli begani ni kubwa. Umri na mwili mkubwa pekee vinaweza kuleta alama hizo. Sema alitumia sana mikono ya juu, ukomee hapo.

Hatua ya tisa: majeraha

Swali la kwanza ni lini. Jeraha lililopona lina kingo za mviringo na mfupa mpya. La wakati wa kifo halina uponaji, lakini mfupa ulikuwa bado una unyevu, kwa hiyo mpasuko hujipinda na kingo ni laini, kama kijiti kibichi kinavyovunjika tofauti na kikavu. Lililotokea baadaye, kwa uzito wa udongo au kwa jembe, lina kingo mbovu na mara nyingi rangi nyeupe kuliko mfupa unaolizunguka.

Nataruk ndipo pa kujifunzia. Mwaka 2012 timu ya mtafiti Marta Mirazón Lahr ilikuta, magharibi mwa ziwa Turkana, mabaki ya watu wasiopungua 27 wa takriban miaka 10,000 iliyopita, kando ya kilichokuwa wangwa wa ziwa. Kati ya viunzi 12 vilivyobaki katika mpangilio, watafiti walisema 10 vina dalili za kuuawa, pamoja na fuvu lililobaki na kipande cha jiwe la obsidiani ndani yake. Miongoni mwa hao 12 alikuwamo mwanamke mjamzito. Walipochapisha Januari 2016, dunia ilisoma habari ya vita vya kale kabisa kati ya wawindaji. Mwaka huo huo watafiti wengine wakajibu kwamba baadhi ya mafuvu yanaweza kuwa yamepondwa na udongo, na kwamba haijathibitika wote walikufa siku moja. Timu ya kwanza ikatetea usomaji wake. Wasome wote wawili, ukitenganisha kushoto na kulia kwa daftari lako. Obsidiani iliyokwama ndani ya fuvu iko kushoto bila ubishi. Siku moja ya mauaji ya kundi zima iko kulia, na inaweza kuwa kweli, lakini inadai hoja yake.

Hatua ya kumi: alikula nini, alitoka wapi, aliishi lini?

Maswali haya ni ya maabara, na kila kipimo hula kipande cha mtu. Kwa hiyo uliza swali kwanza, kisha ukate.

Kaboni katika mfupa hutenganisha makundi mawili ya vyakula. Mtama, uwele, ulezi, mahindi na nyasi za malisho zina alama moja. Mchele, mihogo, maharage, matunda na mboga nyingi zina nyingine. Kwa kuwa mahindi yalifika kwetu baada ya 1500 pamoja na Wareno, alama ya kundi la kwanza kwa mtu wa karne ya 12 inaelekeza kwenye mtama na jamii yake, au nyama na maziwa ya mifugo iliyokula nyasi. Kiwango cha naitrojeni nzito hupanda kadiri mtu anavyokula nyama na samaki. Strontiumu, elementi ambayo alama yake hutofautiana mahali na mahali, huingia mwilini kutoka kwenye miamba kupitia maji na chakula. Enameli ya gego la kwanza hutengenezwa kati ya kuzaliwa na miaka mitatu hivi, ya gego la tatu hutengenezwa kuelekea balehe. Alama za strontiumu za enameli hizo zikitofautiana, mtu huyo alihama akiwa mtoto.

Tarehe kwa kaboni ya mionzi inategemea nusumaisha (muda wa nusu ya kaboni hiyo kuisha) ya miaka 5,730, na haivuki takriban miaka 50,000. Ndiyo maana Mtoto wa Panga ya Saidi alipimwa kwa mwanga unaotolewa na chembe za mchanga maabara, unaoonyesha ni lini ziliona jua mara ya mwisho. Kwa wavuvi wa pwani kuna mtego: kaboni ya bahari ni kongwe, hivyo mla samaki huonekana aliishi zamani zaidi kuliko ilivyokuwa, kwa miaka mingi, na tarehe yake lazima irekebishwe. Jua pia kwamba joto na unyevu wetu huharibu kolajeni, protini ya mfupa inayopimwa, na sampuli nyingi hurudi bila jibu.

Hatua ya kumi na moja: vinasaba

Mfupa wa ndani ya sikio ndio mgumu kuliko yote mwilini, na ndio unaohifadhi vinasaba hata katika joto. Machi 2023 zilichapishwa habari za watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi katika miji ya pwani ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Chapurukha Kusimba, ambaye amefanya kazi pwani kwa miongo mingi. Wengi wa waliopimwa katika miji hiyo walikuwa na asili ya Kiafrika kwa zaidi ya nusu, nayo ilipitia hasa kwa akina mama. Asili ya Asia, kwa sehemu kubwa ya Uajemi, ilipitia hasa kwa akina baba. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Asili ya Uarabuni iliongezeka baada ya 1500.

Masimulizi ya Washirazi kwamba mababu zao walitoka Uajemi, yaliyobebwa na wazee na katika Tarehe ya Kilwa (historia ya kale ya mji huo), yalikuwa yamekejeliwa na baadhi ya wasomi kuwa ni majigambo. Sasa yana ushahidi upande wake, ingawa si wote: Kiswahili ni Kibantu, na mabibi waliozaa miji hiyo walikuwa watu wa bara hili. Andika pia kushoto kwamba wengi wa waliopimwa walizikwa kwa heshima karibu na misikiti na kwenye makaburi ya mawe. Wavuvi, wakulima wa vijiji vya nje na watumwa hawamo kwa kiasi kinachostahili. Kinasaba hakikuambii mtu alijiita nani wala alizungumza lugha gani nyumbani.

Hatua ya kumi na mbili: kuandika na kurudisha

Mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalisafirishwa kwenda Ujerumani enzi za ukoloni ili kupimwa kwa nia ya kupanga watu kwa "mbari". Jijini Berlin, Taasisi ya Urithi wa Prussia imechunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyotoka nchi ambazo leo ni Rwanda, Tanzania na Kenya. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya ndugu walio hai Tanzania, mojawapo likiwa la akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na familia yake imeendelea kulitafuta fuvu lake. Kwa ndugu hao, namba ya kabatini ni babu anayesubiri kuzikwa.

Kwa hiyo ripoti yako iwe na mambo haya, kwa Kiswahili au lugha ya mahali hapo, kabla ya toleo la jarida: nani alitoa ruhusa na kwa masharti gani, ulichokiona, unachokidhani na kwa nini, kila kipande kilichokatwa, uzito wake, maabara kilikokwenda na kilichobaki, na mahali mifupa ilipo leo. Isome mbele ya wazee na uwaachie nakala ofisi ya kijiji. Usitume picha za mafuvu mitandaoni bila idhini yao. Wakitaka azikwe tena, kubalianeni siku kabla ya uchimbaji kuanza, na udongo uliochekechwa kutoka kaburi lake urudi shimoni pamoja naye, kwa sababu sehemu yake ingali imo humo.